Mwongozo wa kupiga picha Hawaii: sokoni, mlangoni kwa watu na kwenye maeneo ya kale

Kila ndugu au rafiki akikata tiketi ya Honolulu, maswali huwa yale yale. Nibebe kamera gani? Droni inaruhusiwa? Mbona mawe meusi yanatoka ya kijivu? Mtu akikataa kupigwa picha nifanye nini? Nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti mara nyingi mno, basi leo nayaandika yote mahali pamoja.

Namwandikia anayeanza, mwenye simu au kamera ndogo na siku nne tano za kuzunguka. Machweo ya ufukwe wa Waikīkī nayaacha, hayahitaji mwongozo. Nazungumzia Hawaii ya watu: muuza maua, mvuvi, ndala zilizopangwa mlangoni, halafu yale maeneo ya kale ya mawe. Kwa Wahawaii wenyewe, maeneo hayo si magofu. Ni mahali pa ibada, na mengine yana mifupa ya wazee wao. Ukilishika hilo, mengi ya hapa chini utayakisia mwenyewe.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Simu yako ikionyesha 7:00 asubuhi, hapa nimeandika saa 1.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Simu yenye kamera nzuri, au kamera na lenzi moja tu. Ukiwa na kamera, lenzi ya milimita 35 inatosha kazi yote hii. Lenzi ndefu ya kuvutia mbali iache hotelini. Sababu utaiona hatua ya 3.
- Betri ya akiba na kadi ya pili.
- Vitambaa laini viwili na mfuko wa plastiki wa kufunga. Mji wa Hilo hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Kona, upande wa pili wa kisiwa hichohicho, ni kukavu. Siku moja unaweza kulowa na kuungua jua.
- Viatu vya kufunika vidole. Lava iliyopoa hukata kama chupa iliyovunjika.
- Maji, kofia, na pesa taslimu kidogo za noti ndogondogo.
- Maneno matano: *aloha* (salamu), *mahalo* (asante), *heiau* (hekalu la kale la mawe), *kiʻi* (sanamu iliyochongwa kwa mti), na *kapu*. Hili la mwisho lisikupite. Ukiliona limeandikwa kwenye lango au uzio, maana yake ni mwiko, usiingie. Halina mjadala.

Hatua kwa hatua

1. Jua masharti ya kila mahali kabla hujawasha kamera.

Droni: katika hifadhi za taifa za Marekani imepigwa marufuku tangu 2014. Hii inagusa Puʻuhonua o Hōnaunau (mahali pa kale pa kukimbilia, hatua ya 5), Puʻukoholā na hifadhi ya volkano, yaani karibu kila mahali ambapo watu huniuliza. Usiibebe.

Kuingia: Puʻukoholā, hekalu kubwa ambalo Mfalme Kamehameha wa Kwanza alilijenga mwaka 1790 hadi 1791 kwa ajili ya mungu wake wa vita, linatazamwa kutoka nje. Hupandi ukutani, hata kama hakuna mlinzi. Picha yake nzuri hata hivyo inapatikana chini, ukiliachia jengo nafasi na mlima nyuma yake.

Watu: Kalaupapa, kwenye kisiwa cha Molokaʻi, ndiko walikopelekwa kwa nguvu wagonjwa wa ukoma, kuanzia 1866. Sheria ya kuwatenga ilifutwa 1969 tu, na kwa miaka yote hiyo walipita pale watu kama 8,000. Kuingia ni kwa kibali, na kumpiga picha mkazi bila ruhusa yake ya maandishi hairuhusiwi. Watu hawa walipigwa picha miaka mingi kama vielelezo vya maradhi. Kila nikiwaza hilo naona sharti lile ni la haki kabisa, na ningelifuata hata lisingeandikwa popote.

2. Panga siku yako kwa jua.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jua la utosi. Hawaii nayo iko ndani ya tropiki, na mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, jua husimama wima kabisa hata mlingoti ukakosa kivuli. Wenyeji huuita wakati huo Lahaina Noon. Miezi mingine si kali hivyo, lakini mchana bado nyuso hutoka na macho yaliyozama gizani.

Piga picha za nje kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 alasiri hadi jua lizame. Katikati hapo ingia sokoni penye mapaa, kwenye baraza, chini ya miti. Mwanga wa kivulini ni mpole na hauhitaji ufundi.

3. Salimia kwanza, kamera baadaye.

Mara yangu ya kwanza Mtaa wa Maunakea, kwenye maduka ya lei (koja za maua) ya Chinatown, Honolulu, nilisimama ng'ambo ya barabara nikavuta kwa lenzi ndefu. Ndani ya kioo nikamwona mama mtu mzima anatunga maua, na kabla sijabonyeza akainua kiganja kikafunika uso. Sikuwa nimesema hata aloha. Nilirudi hotelini na aibu.

Kesho yake nilikwenda kamera ikiwa begani, imezimwa. Nikasalimia, nikanunua lei, nikauliza maua yale ni gani. "Pīkake," akasema. Nikalinusa. Lilikuwa asumini, ile ile yetu, vitumba ambavyo havijachanua, vimetungwa kimoja kimoja kwenye uzi. Nikamwambia kwetu Tanga asumini hutungwa koja, na bibi harusi hulala imemzunguka. Akacheka, akanivutia kiti. Picha nilizopiga siku ile ni za vidole vyake: sindano ndefu ya chuma, vitumba sita saba vimeshapita, cha nane kimeshikwa kwa ncha za kucha ili kisichubuke, maana kikichubuka kinageuka kahawia kabla ya jioni.

Basi fanya hivi:

a) Salimia. Mtu mzima mwite Aunty au Uncle. Huko watu wote huitana hivyo, kama sisi tunavyosema shangazi na mjomba bila undugu wa damu.

b) Nunua kitu au uliza jambo. Usiulize picha kwanza.

c) Onyesha kamera kwa mkono na uombe. Akikataa, sema mahalo na uendelee na mazungumzo yaleyale. Ukigeuka na kuondoka papo hapo, amejua ulichofuata.

d) Akikubali, mwonyeshe picha kwenye kioo, na umtumie akitaka.

*Kosa la kila mara:* kupiga picha watoto. Mzazi asipokuwepo, usipige.

4. Tafuta mambo madogo ya kila siku.

Anza na soko la wakulima la Hilo siku ya Jumatano au Jumamosi, ndizo siku lenye wauzaji wengi. Fika mapema. Utaona papai, parachichi, na *kalo*, ambayo ni magimbi yetu haya haya. Kwa Wahawaii gimbi ni kaka mkubwa: katika simulizi zao za asili, Hāloa wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, juu yake likaota gimbi, na mdogo wake ndiye babu wa watu. Kwa hiyo ukimwona mtu analisafisha gimbi kwa utaratibu kama anamwogesha mtoto, piga picha mikono, na usimharakishe.

Vitu vingine vya kutazama:

Ndala mlangoni. Hawaii watu huvua viatu kabla ya kuingia ndani, kama pwani yetu. Mbele ya nyumba yenye shughuli utakuta jozi ishirini, kubwa na ndogo, nyingine zimekanyagana. Inama mpaka kamera iwe usawa wa goti, acha mlango utokee kidogo juu. Picha hii haimwonyeshi mtu yeyote na inaeleza nyumba nzima. Ila mwombe mwenye nyumba hata hivyo.

Mitumbwi. *Waʻa* yao ni ndugu wa ngalawa, lakini ina boya la pembeni upande mmoja tu, wa kushoto. Vikundi vya wapiga makasia hufanya mazoezi jioni. Weka kasi ya shata, yaani muda kamera inaouachia mwanga uingie, iwe 1/1000 ya sekunde ili matone ya maji yasimame. Kwenye simu, shikilia kitufe ipige mfululizo.

Chakula. Sahani ya mchana ya huko ina vijiko viwili vya mviringo vya wali, makaroni yaliyochanganywa na mayonezi, na nyama. Kuna pia malasada, waliyoleta Wareno waliofika kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kuanzia 1878. Mtu wa kwetu akiiona atasema andazi. Piga picha karibu na dirisha, bila flashi, kabla mvuke haujaisha.

5. Nenda Puʻuhonua o Hōnaunau ukiwa na muda wa saa tatu.

Kama una siku moja tu kwenye kisiwa kikubwa, kile chenye Hilo na Kona, ichukue hii. Zamani, aliyevunja mwiko adhabu yake ilikuwa kifo. Akifanikiwa kufika hapa, mara nyingine kwa kuogelea, kuhani alimtakasa naye akarudi kwao akiwa hai. Utaratibu huo wa miko ulikomeshwa 1819. Ukuta Mkuu ungalipo: mawe meusi yaliyopangwa bila saruji, unene wa zaidi ya mita 5, urefu karibu mita 300. Mwishoni mwake ipo Hale o Keawe, nyumba iliyojengwa upya, ambayo ya asili ilihifadhi mifupa ya machifu 23.

Namna ya kuipiga:

a) Zunguka mara moja bila kupiga picha. Soma vibao.

b) Kwa ukuta, simama pembeni ili mwanga uupige kwa ubavu na kila jiwe litoe kivuli chake. Ukisimama jua likiwa mgongoni mwako, ukuta unakuwa bapa kama karatasi. Kwenye kamera weka tundu la lenzi f/8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, 100 au 200.

c) Lava ni nyeusi, na kamera hudhani imeingia gizani, hivyo inaongeza mwangaza mpaka jiwe linakuwa kijivu. Punguza mwangaza hatua moja, yaani hadi −1, kwa kitufe chenye alama ya +/−. Kwenye simu gusa jiwe, kitatokea kijua kidogo, kivute chini.

d) Mweke mtu mmoja mbali karibu na ukuta, atembee. Bila mtu, ukubwa wake haueleweki.

e) Sanamu za kiʻi zipige picha kwa kimo chao, ukiwa umesimama wima, na mbingu nyuma. Usizikumbatie wala usiige sura zao ili uchekeshe. Zinalinda kaburi. Huwezi kufanya hivyo kwenye makaburi ya babu zako.

f) Kobe wa baharini hupanda kulala kwenye kijighuba cha mchanga hapo hapo. Kaa mbali angalau mita 3, na kwa sili wa Hawaii mita 15. Mnyama akiinua kichwa kukutazama, umeshakaribia mno.

*Makosa ya kila mara:* kuokota jiwe kama kumbukumbu, na kupanga mawe mnara kwa ajili ya picha. Jiwe ulilolihamisha huenda lilikuwa sehemu ya madhabahu.

6. Michoro ya Puʻu Loa: mwanga wa chini au usiende.

Iko ndani ya hifadhi ya volkano, mwendo wa kilomita 1 na kidogo kutoka barabara ya Chain of Craters. Michoro ni zaidi ya 23,000, imechongwa kwenye lava: watu, duara, na vishimo vidogo vingi sana. Familia zilitia kitovu cha mtoto mchanga ndani ya kishimo wakimwombea maisha marefu. Sisi tunaosema "kwetu ni pale kilipozikwa kitovu changu" hatuhitaji kufafanuliwa mengi.

Mchana michoro huonekana kwa shida. Watu hurudi wakilalamika kwamba hakuna kitu. Fika saa 10 na nusu alasiri. Jua likishuka, kila mchongo hujaa kivuli na ghafla uwanja mzima unaamka. Kaa kwenye njia ya mbao, shusha kamera usawa wa kiuno, ielekeze upande jua liliko, na ukinge lenzi kwa kofia.

Usimwage maji juu ya mchoro ili uonekane, usitie chaki, usiweke karatasi ukasugua. Usishuke njiani hata hatua moja. Mchoro uliouona ni huo, usiouona uko chini ya kiatu chako. Beba tochi ya kurudia.

7. Honolulu ya kifalme: mawe meupe na taji lililoporwa.

Kanisa la Kawaiahaʻo lilikamilika 1842 kwa vipande kama 14,000 vya matumbawe vilivyokatwa baharini kwa mikono. Aliyekulia Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe atalitambua jiwe hili kwa kuligusa tu. Karibia ukuta mpaka chapa za viumbe wa baharini zionekane. Hapa hesabu ya mwangaza ni kinyume cha lava: ukuta mweupe huifanya kamera ipunguze mwanga, hivyo ongeza nusu hatua hadi hatua moja.

Hatua chache kutoka hapo ni Kasri la ʻIolani, lililomalizika 1882 chini ya Mfalme Kalākaua. Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa 17 Januari 1893, na 1895 akafungwa katika chumba cha juu cha kasri lake mwenyewe. Ndani uliza mlangoni kuhusu picha, na flashi izime kabla hujaingia. Nje, chumba kile kipige kutoka uwanjani, dirisha likiwa dogo ndani ya fremu. Ukijua alikaa mle miezi akishona blanketi la vipande vya nguo, hutataka kulipiga kwa haraka.

Ukiwepo karibu na 11 Juni, Siku ya Kamehameha, nenda kwenye sanamu ya Kamehameha ng'ambo ya barabara. Huvishwa lei ndefu za mita kadhaa kutoka kwenye ngazi ya gari la zimamoto. Fika saa nzima kabla shughuli haijaanza, simama pembeni, uwapige picha wanaozipokea lei chini. Nyuso zao ndizo picha.

8. Lahaina: fikiri mara mbili.

Moto wa 8 Agosti 2023 uliua zaidi ya watu 100 na kuuteketeza mji huu wa Maui uliowahi kuwa makao ya wafalme. Mti mkubwa wa baniani uliopandwa 1873 uliungua, kisha ukachipua tena. Watu wataniuliza kama wanaweza kwenda kupiga picha. Jibu langu: viwanja vya nyumba zilizoungua, hapana. Kuna familia zilizopoteza mtu pale pale unapotaka kuweka stendi ya kamera. Kula kwenye mikahawa ya wenyeji, nunua kwao, na wao wakikuelekeza mahali, nenda.

9. Andika maelezo ya picha usiku huohuo.

Jina la mahali, tarehe, jina la mtu kama amekuruhusu. Andika majina ya Kihawaii kama yalivyo, na ile alama ndogo ya ʻokina na mistari juu ya vokali. *Pau* ni kumalizika, *paʻu* ni masizi, *pāʻū* ni sketi. Kabla ya kupandisha mtandaoni, zima taarifa ya mahali kwa picha za nyumba za watu, na kwa heiau ndogo zisizo na mlinzi. Sehemu kama hizo zimeharibiwa na wageni walioongozwa na simu.

Mambo yakienda kombo

*Lenzi imejaa ukungu.* Umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Acha kamera ndani ya mkoba nusu saa kabla ya kuifungua nje. Usifute, utasambaza maji.

*Picha zina utando mweupe.* Ni chumvi ya upepo wa bahari. Puliza kwanza, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Ukianza na kikavu unakwaruza kioo.

*Uso mweusi, bahari inang'aa nyuma.* Mgeuze mtu, au mwombe asogee chini ya paa aangalie nje. Simu: gusa uso wake, vuta kijua juu. Ngozi zetu nyeusi hupendeza sana kwenye kivuli cha wazi. Usikubali kamera izipaushe kwa flashi.

*Mbingu ya Kona ina ukungu wa kijivu siku nzima.* Huenda ni moshi wa volkano uliosukumwa na upepo. Mandhari ya mbali yaache. Piga vitu vya karibu, mikono, kuta, sahani.

*Mtu alikubali, kisha amebadili mawazo.* Futa mbele yake, umwonyeshe imefutika hata kwenye kapu la takataka la simu. Omba radhi.

*Mlinzi wa hifadhi amekusimamisha.* Aghalabu ni kwa sababu ya stendi kubwa, taa, au nguo za harusi. Jibu kwa upole, uliza ofisi gani inatoa kibali, na uendelee kwa kamera ya mkononi akikuruhusu.

*Umefika kwenye heiau ukakuta watu wameshika majani ya ti (mmea wao wa ibada), wanaimba.* Zima kamera, itie mkobani, funga zipu. Simama mbali mahali unapoonekana, vua kofia, na usikatize mbele yao. Wakimaliza, mmoja wao anaweza kukujia na kukusalimia. Asipokuja, subiri mpaka gari la mwisho liondoke ndipo ufungue zipu, na yale majani yaliyoachwa juu ya jiwe usiyaguse wala usiyasogeze ili fremu ikae sawa.